Taa za Lubbock: zilikuwa UFO au ndege wanaohama? Tulichambue hili jambo taratibu

Mtu akiona taa zimejipanga angani usiku zinapita kimya kimya bila mlio wa injini, hapo hapo watu wanagawanyika, wengine wanasema hao ni viumbe wa sayari nyingine, wengine wanasema acheni ujinga hao ni ndege tu wanahama, na kila upande unamuona mwenzake hana akili. Mi naona pande zote mbili huwa zinaruka hatua moja ambayo ndo kila kitu, nayo ni kuuliza hizo taa zilikuwa umbali gani kutoka kwa aliyeziona. Usipojua umbali hujui ukubwa, hujui mwendo, na ukishakosa hivyo viwili basi chochote utakachosema baada ya hapo ni kukisia, hata kama una digrii tatu.

Kesi inayoonyesha hili vizuri kuliko zote ninazozijua ni ile ya mji wa Lubbock, jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1951. Imezungumzwa sana miaka yote hii na bado watu wanaielezea vibaya, wanaotetea UFO, yaani kitu kinachoruka kisichotambulika, wanaficha nusu yake na wanaotetea ndege wanaficha nusu nyingine, kwa hiyo ngoja niielezee yote kama ninavyoifahamu.

Tarehe 25 Agosti 1951, kama saa tatu na dakika ishirini za usiku, maprofesa watatu wa chuo cha Texas Tech walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba ya mmoja wao wanapunga upepo na kupiga stori. Mwenye nyumba alikuwa Robinson, mtaalamu wa jiolojia, wenzake ni Oberg wa uhandisi wa kemia na Ducker ambaye alikuwa mkuu wa idara ya uhandisi wa petroli. Ghafla wakaona taa kama 20 hadi 30 zinapita juu yao, zinang'aa kama nyota ila kubwa zaidi, rangi ya bluu iliyochanganyika na kijani, na ndani ya sekunde chache zimeshapotea. Walikaa pale wakijadiliana wameona nini, na baada ya muda kundi lingine likapita. Kumbuka hawa sio watu wa kutishika na kimondo, kimondo walikifikiria wakakitoa kwenye orodha usiku ule ule.

Sasa hapa ndo napenda hawa jamaa, maana hawakukimbilia kutangaza kwamba wameona maajabu wakaishia hapo. Waliendelea kukaa nje usiku baada ya usiku, wakawaita wenzao akiwemo profesa wa fizikia na wa hesabu, wakawa wanaandika. Katika wiki zilizofuata waliziona hizo taa mara nyingi. Waligundua kwamba hazitokei kwenye upeo wa macho zikapanda taratibu kama ndege ya abiria inavyofanya, zinajitokeza tu ghafla zikiwa zimeshafika nyuzi kama 45 upande wa kaskazini, yaani katikati ya upeo wa macho na juu ya utosi, zinapita juu ya kichwa, zinazimika zikifika nyuzi kama 45 upande wa kusini. Zinakata karibu nyuzi 30 za anga kwa sekunde moja. Na hazina sauti.

Afu wakafanya kitu ambacho mtu yeyote makini angefanya, wakagawana timu mbili, wakachukua redio za mawasiliano na vifaa vya kupimia pembe, wakaenda kukaa nje ya mji sehemu mbili ambazo umbali kati yake wanaujua, ili zikipita wapime kutoka pande zote mbili wapate urefu wa kwenda juu. Wazo zuri kabisa. Lakini kila walipotoka hawakuona kitu, na kilichoshangaza ni kwamba walipokuwa huko nje gizani wanasubiri, wake zao waliobaki mjini walisema wameziona taa zikipita.

Soma hiyo tena. Mjini zinaonekana, nje ya mji hazionekani. Chombo kikubwa kinachoruka juu sana kwa mwendo mkali kingeonekana vizuri zaidi huko gizani kuliko mjini. Kitu kinachoonekana mjini tu ni kitu ambacho kwa namna fulani kinautegemea mji, na mi ningekuwa natafuta jibu ningeanzia hapo kabla hata ya kufungua kitabu cha ndege.

Turudi kwenye umbali, tupige hesabu ndogo, hii haihitaji kalkuleta. Kama taa inatokea nyuzi 45 upande mmoja na kupotea nyuzi 45 upande wa pili, njia iliyopita ni mara mbili ya urefu wake kwenda juu. Tuseme imechukua sekunde 3. Kama iko mita 30 juu yako, imesafiri mita 60 kwa sekunde 3, yaani mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa. Huo ni mwendo wa ndege wa kawaida kabisa mwenye mabawa. Sasa kama iko mita 600 juu, imesafiri mita 1,200 kwa sekunde hizo hizo 3, hiyo ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa saa, inashinda sauti. Na ukisema iko kilomita 10 juu unapata kilomita 24,000 kwa saa, hapo tayari una chombo cha anga za juu. Taa ni ile ile, macho ni yale yale, sekunde ni zile zile, kilichobadilika ni namba moja tu ambayo hakuna mtu aliyeipima. Ni kama bodaboda inayokatiza mita moja mbele ya mlango wako na basi linalokwenda kasi huko mbali barabara kuu, bodaboda inakufumba macho na basi unaliona linatambaa.

Na mchana macho yetu yana msaada, kuna miti, kuna nyumba, kuna vitu tunavyojua ukubwa wake, ndo maana hatukosei sana. Usiku angani hakuna cha kulinganisha. Macho mawili kukupa kina kwa tofauti ya picha ya jicho la kulia na la kushoto inafanya kazi kwa vitu vya karibu, kitu kikiwa makumi ya mita huko juu gizani uwezo huo unapungua sana, kwa hiyo ubongo unajaza wenyewe. Unajaza kwa kile ulichozoea kukiona angani usiku, na tulichozoea ni nyota na ndege za abiria, vitu vya mbali sana. Hivyo kitu cha karibu kinapata umbali wa nyota bila mwenyewe kujua kwamba umeshafanya makosa.

Hapa nataka niwe muwazi, maprofesa walikuwa na hoja yao. Usiku wa tarehe 5 Septemba wakiwa kwenye uwanja wa mbele wa nyumba ya Robinson, taa zilipita na mmoja wao alisema zimepita juu ya wingu jepesi lililokuwa kama mita 600 kwenda juu. Kwa hiyo wakapiga hesabu wakapata mwendo wa zaidi ya kilomita 960 kwa saa. Kama kweli zilikuwa juu ya hilo wingu basi habari ya ndege imekufa, hakuna ndege wa manyoya anayekwenda hivyo. Lakini jiulize mwenyewe, wingu jepesi, usiku, taa hafifu iliyokaa machoni sekunde 3, unajuaje imepita juu ya wingu au chini yake? Kitu kinachong'aa kidogo kikipita chini ya wingu jepesi kinaonekana, kikipita juu yake pia kinaweza kuonekana. Mi siwezi kuubeba mwendo wa kilomita 960 kwa ushahidi huo peke yake.

Ukifika hapo ndo unamkuta Luteni Edward Ruppelt wa Jeshi la Anga la Marekani. Huyu ndo alikuwa anasimamia uchunguzi wa taarifa za vitu visivyotambulika angani, mradi ambao baadaye ulijulikana kama Project Blue Book, na ndiye anayetajwa kuleta neno UFO badala ya lile la visahani vinavyoruka. Alifika Lubbock Novemba 1951 akawahoji watu mmoja mmoja. Maoni yake ya kwanza yalikuwa kwamba maprofesa wameona plova, ndege jamaa wa wale vitwitwi tunaowaona wanakimbiakimbia ufukweni maji yakitoka. Na sababu haikuwa ndege peke yao, mwaka ule ule mji wa Lubbock ulikuwa umefunga taa mpya za barabarani za mvuke wa zebaki. Plova ana kifua cheupe. Akipita juu ya mtaa wenye taa kali, mwanga unagonga kifua kutoka chini na kurudi kwako uliyekaa uani. Akitoka nje ya eneo linalofikiwa na mwanga anazimika, hapo hapo, bila kufifia taratibu kwenda upeo wa macho.

Ukiliweka hilo juu ya yale waliyoyaandika maprofesa utaona linavyokaa. Kutokea ghafla na kupotea ghafla, sawa. Kuonekana mjini tu, sawa. Ukimya, sawa, maana mabawa ya ndege wa size hiyo akiwa mita 30 huyasikii, ingawa mara nyingine wanaitana. Wingi wao, na kwamba wanapita kundi baada ya kundi usiku huo huo wakitoka kaskazini kwenda kusini, mwezi wa nane na wa tisa, ni muda ambao ndege wengi wa pembezoni mwa maji wanatoka walikozaliana huko juu kaskazini wanashuka kukimbia baridi. Na eneo lile la Texas lina vidimbwi vingi vya asili vinavyojaa maji ya mvua ambavyo ndege hao wanavitumia kupumzika na kula.

Rangi nayo inaeleweka. Mvuke wa zebaki hautoi mwanga wa rangi zote kama jua, unatoa mistari michache, mikali zaidi ikiwa kwenye bluu na kijani, nyekundu karibu hakuna. Ongeza jambo la pili, jicho letu likishazoea giza linabadilisha aina ya seli linazotegemea, na hizo seli za usiku zinaona vizuri zaidi eneo la kati ya bluu na kijani na nyekundu karibu hazioni. Kwa hiyo kifua cheupe chini ya taa za zebaki, kikitazamwa na mtu aliyekaa gizani nusu saa, kitaonekana na rangi gani? Bluu ya kijani iliyopoa, ile ile waliyoieleza.

Na kuna watu waliowaona hao ndege kwa macho yao. Mkulima mmoja wa eneo hilo alisema tarehe 31 Agosti aliona ndege wakipita juu ya sinema ya wazi, ile ambayo watu wanatazama wakiwa ndani ya magari, na matumbo yao yaling'aa kwa mwanga wa pale. Mwingine ni mkazi wa Brownfield, mji ulioko kusini magharibi mwa Lubbock, yeye tarehe ile ile 25 Agosti alikuwa nje na mkewe wakaona kundi la taa likipita, likaja la pili, na la tatu badala ya kupita likaanza kuzunguka nyumba yake, akasikia sauti, akaitambua, ni plova. Huyu kwangu ni shahidi mzito kuliko maprofesa wote, bila kuwadharau, kwa sababu moja tu, zile taa zilimsogelea akapata kitu cha pili zaidi ya mwanga. Kama lile kundi la tatu lisingezunguka, naye angelala usiku ule akijua ameona vitu vya ajabu.

Sasa upande wa pili, maana nilisema sitaficha. Ruppelt alipomuuliza askari wa wanyamapori anayewajua ndege wa huko, alimwambia plova hawaendi kasi ya kutosha, wanafika kama kilomita 80 kwa saa, na hawatembei kwa makundi makubwa kiasi hicho. Hoja ya kwanza tumeshaiona, kasi inategemea umbali ambao haukupimwa, kilomita 80 kwa saa zinatosha kabisa ukiwa chini. Hoja ya pili ni nzito zaidi, ila huyo huyo alikubali kwamba msimu ule wa 1951 walikuwepo plova wengi isivyo kawaida. Pia mmoja wa walioziona, Mead, alikataa katakata kwamba ni ndege, alisema zilikuwa duara kamili, kubwa kama sahani ya chakula, na zilimpa hisia ya kutisha. Namuamini kwamba alihisi hivyo. Ila "kubwa kama sahani" nayo ni kauli inayohitaji umbali. Sahani iliyo mita 30 na uwanja wa mpira ulio kilomita nyingi vinaweza kujaza eneo lile lile la jicho.

Halafu kuna picha, na hapa ndo mambo yanakuwa magumu kweli. Tarehe 30 Agosti kijana wa mwaka wa kwanza chuoni hapo hapo, Carl Hart, alikuwa amelala kitandani akitazama nje dirishani akaona taa nyeupe kama 18 hadi 20 zimejipanga kama herufi V. Akachukua kamera yake ya Kodak ya filamu ya milimita 35, akatoka uani, na makundi mengine mawili yalipopita akapiga picha tano. Gazeti la mji likamlipa dola 10, picha zikasambaa nchi nzima, na mwaka uliofuata zikaingia hadi kwenye jarida la Life. Ukitafuta leo Taa za Lubbock picha utakayoiona ni ya Hart, zile nukta nyeupe zimepangana vizuri kwenye giza.

Tatizo ni kwamba picha za Hart na walichokiona maprofesa havifanani. Maprofesa wenyewe walisema hawakuona V, na walisema rangi ni ya bluu na kijani na mwanga laini, wakati picha zina nukta kali. Mkuu wa idara ya baiolojia pale chuoni naye alizitazama akasema hao sio ndege. Mpiga picha wa gazeti alijaribu kuwapiga picha ndege usiku wakipita juu ya taa za mji, akapata vivuli hafifu ambavyo hata kuchapisha havifai. Na mi naongeza la kwangu, Hart alisema alitumia kasi ya sehemu ya kumi ya sekunde, kitu kinachokata nyuzi 30 kwa sekunde ndani ya muda huo kinasogea nyuzi 3, ambazo ni upana wa mwezi mara sita, kwa hiyo nukta zingetoka kama michirizi isipokuwa kama aliizungusha kamera akiwafuata kwa ustadi mkubwa. Maabara ya jeshi iliyoko kambi ya Wright-Patterson ilizichunguza, na Ruppelt akaandika kwamba hazikuthibitishwa kuwa za kughushi na wala hazikuthibitishwa kuwa za kweli. Kijana alihojiwa tena na tena na hakuyumba.

Kwa hiyo anayesema "ni ndege, kesi imefungwa" anatakiwa anieleze picha, na hawezi. Na anayesema "tazama picha, ndege hawawi hivyo, kwa hiyo maprofesa waliona UFO" anafanya kosa kubwa zaidi, anachukua ushahidi wa tukio moja kulibeba tukio lingine. Hakuna kitu kinaitwa Taa za Lubbock kama jambo moja. Kuna taa za maprofesa, kuna picha za Hart, kuna ndege wa mkazi wa Brownfield, na jioni ile ile ya tarehe 25 Agosti mbali kabisa huko Albuquerque, jimbo la New Mexico, mtu na mkewe waliripoti kitu kikubwa chenye umbo la bawa kikipita chini chini juu ya nyumba yao. Vyote vikafungwa kwenye furushi moja likapewa jina moja, halafu watu wanatafuta jibu moja la furushi zima. Halitapatikana. Mi kwa ninavyoona, za maprofesa karibu zote zinaelezeka na viumbe wenye mabawa chini ya taa mpya, za Hart siwezi kuzielezea, na ya Albuquerque haina uhusiano wowote na hizo mbili zaidi ya tarehe.

Nimesema viumbe wenye mabawa na sio ndege kwa makusudi. Ruppelt mwenyewe alibadilika. Mwaka 1956 alipoandika kitabu chake alisema taa za maprofesa zimeshaelezwa na ni jambo la asili la kawaida sana, lakini akakataa kulitaja kwa sababu aliahidi kumlinda mwanasayansi aliyeligundua. Fikiria hiyo, unawaambia watu jibu lipo afu unalifungia kabatini, halafu tunashangaa kwa nini watu wanaamini serikali inaficha. Baadaye toleo jipya lilipotoka, likasema walikuwa nondo wanaoruka usiku wakirudisha mwanga wa bluu na kijani wa taa za zebaki zilizokuwa karibu. Nondo! Sio plova tena. Alifariki 1960 na hakuna nafasi ya kumuuliza. Kwangu nondo wanaeleza ukimya na mwanga laini, ila makundi yanayokwenda mwelekeo mmoja kaskazini kwenda kusini na kasi ya kukata anga kwa sekunde 3 nampa ndege. Ila utaona kwamba taa mpya za barabarani hazikutoka kwenye maelezo yote mawili, kilichobadilika ni nani alikuwa anapita juu yake.

Na hili la ndege kuwachanganya watu usiku halikuanzia wala kuishia Texas. Kwenye vita vya pili vya dunia waendesha rada wa Uingereza walikuwa wanaona alama zinazotembea mahali ambapo hakuna ndege za vita, wakaziita malaika. David Lack, mtaalamu wa ndege aliyekuwa jeshini kwenye kazi za rada, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba nyingi ya hizo ni ndege wa manyoya. Leo wataalamu wanatumia rada za hali ya hewa kufuatilia uhamaji wa usiku, maana ndege wengi wadogo wanahama usiku, hewa imetulia, kuna baridi hawapati joto kupita kiasi wakipiga mabawa, mwewe wamelala, na nyota zinawasaidia kujua njia.

New York nako kila tarehe 11 Septemba wanawasha ile miale miwili mikali ya kumbukumbu inayoelekea juu, na mwaka 2010 watu walitazama juu wakaona maelfu ya vitu vinavyometameta vinazunguka ndani ya mwanga kama karatasi zinazoelea. Walikuwa ndege wanaohama walionasa kwenye mwanga, wanazunguka hawawezi kutoka. Utafiti uliotolewa 2017 ulikadiria kwamba katika usiku 7 wa miaka 7 ndege kama milioni 1.1 waliathirika. Siku hizi wakizidi 1,000 ndani ya miale, taa zinazimwa kama dakika 20 waondoke. Hili linaniuma kwa kweli, maana kinachotupa sisi stori ya maajabu, kwa ndege ni kupoteza nguvu alizohitaji kufika aendako.

Na huku kwetu usifikiri haipo. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, taa za loji iliyoko juu ya mlima zinapowashwa usiku usio na mwezi na ukungu umeshuka, mwezi wa 11 na wa 12, ndege kutoka Ulaya na Asia wanashuka kutoka kwenye ukungu kwa maelfu kuelekea mwanga. Tangu 1969 wataalamu wanakaa pale kuwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete mguuni na kuwaachia, wameshavisha mamia ya maelfu. Nao flamingo wa Natron, Bogoria na Nakuru wanapohama ziwa hadi ziwa wanasafiri usiku, tumbo jeupe lenye uwaridi, kundi limejipanga. Kundi kama hilo likikatiza juu ya mji wenye taa kali, mtu ambaye hajui atasema nini?

Tofauti ya siku hizi ni kwamba kuna kitu kingine kabisa kinachofanana. Tangu Mei 2019 setilaiti za Starlink zikirushwa zinaonekana siku za mwanzo kama treni ya taa zimefuatana mstari mmoja, na hizo ni za mbali kweli, mamia ya kilomita juu. Zinaonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza kwa sababu jua bado linazipiga huko juu wakati sisi tuko gizani, zinachukua dakika kadhaa kuvuka anga, hazibadilishi mpangilio hata kidogo, na mara nyingi zinafifia moja moja zikiingia kwenye kivuli cha dunia. Ndege wanavuka kwa sekunde, mstari wao unacheza, mmoja anabaki nyuma mwingine anasogea mbele. Ukiona taa zinatambaa polepole zimenyooka kabisa saa moja na nusu jioni, usianze na ndege.

Project Blue Book ilifungwa mwaka 1969 ikiwa na taarifa 12,618, na 701 kati ya hizo zilibaki bila kutambuliwa. Watu wanazitaja hizo 701 kama ushahidi wa wageni. Mi nikizifikiria najiuliza ni ngapi zilibaki hivyo kwa sababu tu hakuna aliyepata umbali, maana bila umbali hata kunguru anaweza kuingia kwenye hiyo orodha na hatatoka milele.

Wale maprofesa walikuwa na njia sahihi mkononi, kilichowaangusha ni kwamba walipeleka vipimo nje ya mji wakati taa zilikuwa zinapita mjini. Leo unaweza kurudia jaribio lao bila gharama. Ziki­tokea tena usiku unaofuata, wewe simama uani kwako na mwenzako asimame mita 100 pembeni, piganeni simu, kila mtu aseme taa iko usawa wa nyota gani au juu ya paa la nani. Kama ni ndege aliye mita 40 juu ya kichwa chako, mwenzako hatainua shingo, atamuona pembeni chini kabisa, kama nyuzi 22 tu kutoka upeo wa macho. Kama kitu kiko kilomita 10 kitasogea kwake kiasi cha upana wa mwezi basi. Kama ni setilaiti mtaiona mahali pale pale, nyota ile ile.